Risasi Laini

Siku tuliyomzika Ndaki kule Mwandoya, jeneza lilifunguliwa ili tumuage, na mimi badala ya kumtazama usoni kama watu wengine nikamtazama mikono. Walikuwa wameikunja juu ya kifua na kuizungushia rozari, na nilisimama pale muda mrefu hadi mama aliyekuwa nyuma yangu akanigusa begani nisogee. Baadaye tulipokaa chini ya turubai tukisubiri wali, mama huyo akaniuliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu. Nikamwambia hapana, tulifanya kazi pamoja Bariadi zamani, mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia. Akataka kujua mbona niliikodolea macho mikono yake. Nikamjibu kwamba nilikuwa naangalia kama vidole vyote vipo. Akadhani nafanya mzaha msibani, akageukia upande wa pili akaanza kuongea na mtu mwingine. Sikumlaumu. Kumweleza vizuri kungenibidi nimweleze mwaka mzima, na wali ulikuwa umeshafika.

Basi nauandika hapa. Ya utoto wangu Mwamapalala nayaacha, kwa sababu yanafanana na ya watoto wote wa wakulima wa pamba na mimi mwenyewe yananichosha. Nianzie pale nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nina cheti cha kidato cha nne na udadisi wa kutaka kujua mambo yasiyonihusu, nikapata kazi ya ukarani wa mizani katika kiwanda kipya cha kuchambua pamba pembeni ya mji. Kabla ya hapo pamba yote ilikuwa ya ushirika. Mkulima alipeleka, akasubiri, akaendelea kusubiri. Sasa serikali ilikuwa imefungua milango, na kila wiki tulisikia kwamba kuna mwingine anakuja na malori yake. Madukani sabuni ilikuwa imerudi, mitumba ilitandikwa hadi kwenye mitaro, na vijana walitembea na redio za kaseti mabegani wakiwa hawana pesa za betri. Mwenye kiwanda chetu alitokea Mwanza. Sote tulimwita Tajiri, na yeye alipenda, ingawa alivaa shati moja la kaki tangu Jumatatu hadi Jumamosi.

Tajiri alitaka kufungua vituo vya kununulia pamba vijijini, na kila kituo kiwe na msimamizi wake atakayelala hapohapo na sanduku la fedha za wakulima. Kwa ajili hiyo alikuwa na bastola chache aina ya rivolva, zile zenye gudulia linalozunguka na vyumba vya risasi ndani yake, zote zina kibali cha polisi. Masharti yalikuwa wazi: hakuna anayekabidhiwa kituo bila kufaulu mtihani wa shabaha mbele ya afande kutoka polisi, kabla msimu haujafunguliwa. Mimi nilikitaka kituo cha Mwandoya. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine. Nilikuwa nimekiona: nyumba ya tofali yenye chumba cha msimamizi, dirisha lake linatazama mizani, na hakuna mtu wa kumwomba ruhusa hadi huko Bariadi. Msichana kukaa peke yake na mizani yake, mwaka ule, lilikuwa jambo la watu kusimama njiani na kulijadili. Nilipojiandikisha, Ndaki, karani mwenzangu ambaye naye alikitaka kituo hichohicho, alicheka akaniuliza kama nitaibebea bastola kwenye ungo.

Mazoezi yalifanyika nyuma ya kiwanda, ambako palikuwa na kichuguu kikubwa kilichomeza risasi zote tulizokosea. Risasi yangu ya kwanza hata kichuguu hakikuiona. Rivolva ilinirudisha nyuma, mkono ukaruka juu ya kichwa, na mlio ulinijaa masikioni hadi jioni. Ya pili nilifumba macho kabla hata ya kuvuta kifyatulio. Kufika mwisho wa wiki nilikuwa nafumba macho kwa kuishika tu. Ndaki yeye alipiga vizuri, akawa ananipa mawaidha ambayo sikuyaomba, na kila aliponipa nilikosea zaidi. Nilikwenda kulia nyuma ya ghala la mbegu, halafu nikanawa uso, nikaenda kwa mtu pekee ambaye sikuwahi kumsikia akinicheka. Huyu alikuwa Fundi Masunga.

Fundi Masunga alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyetengeneza bunduki tangu enzi za wawindaji wa kizungu waliokuwa wakipita kwenda mbugani. Tajiri alimchukua kwa sababu alikuwa na kibali cha kutengeneza bunduki na kujaza risasi za mazoezi, na kibali hicho kilitundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo kama picha ya harusi. Chumba chake kilikuwa kibanda cha tofali mwishoni mwa uwanja, mbali na moto na mbali na watu. Meza yake aliiweka karibu kabisa na mlango, na mlango aliuacha wazi apate mwanga. Humo mlinukia mafuta ya bunduki, shaba na nta ya nyuki, na kila kitu kilikuwa na mahali pake. Aliponisikiliza hakusema habari ya macho. Alisema mkono wangu umejifunza kuogopa, na mkono haufundishiki kwa maneno. Utengenezewe risasi laini, zenye baruti kidogo na kichwa chepesi, zinazosukuma kama mtoto anayekuegemea, na uzipige hizo hadi usahau ulichokuwa unaogopa. Halafu utapandishwa polepole. Nikamwomba anitengenezee. Akasema atanifundisha nizitengeneze mwenyewe.

"Risasi utakayoipiga uijue tangu ikiwa ganda tupu," alisema. "Hapo hutaiogopa, mayu. Utaiheshimu tu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na wazee wetu huwaita hivyo hata mabinti wadogo wanaowapenda. Mimi nilimwita baba. Basi kuanzia siku ile, kila nilipomaliza kazi ya mizani niliingia kibandani. Nilidhani nitajifunza jambo la hatari lenye kelele, kumbe ilikuwa kazi ya utulivu kuliko kudarizi. Maganda yaliyokwisha kupigwa tuliyakusanya, tukayaosha, tukayakausha juani kama mtama. Nilijifunza kuitoa ile fataki, kidonge kidogo kinachowasha baruti, iliyokwisha kuungua kwenye kitako cha ganda na kubana nyingine mpya, kuipapasa kwa kidole kama imekaa sawasawa na haikujitokeza. Maganda yakasimamishwa kwenye kibao chenye matundu. Kisha baruti, kwa kijiko kidogo ambacho fundi alikitengeneza kwa kukata ganda la shaba na kulichomelea mpini wa waya. Kijiko kimoja kilichosawazishwa, kupitia faneli, ganda hadi ganda. Mwisho kichwa cha risasi kilibanwa juu kwa mashine ya mkono iliyofungwa mezani. Miiko ilikuwa mingi. Mezani kuwe na kopo moja tu la baruti, asiwepo wa kuongea wakati wa kupima, asiwepo mwenye kiberiti mfukoni, na ukipoteza hesabu usijifanye unakumbuka: mwaga zote urudie.

Kilichonishangaza zaidi, na hadi leo napenda kuwaambia watu ili nione nyuso zao, ni kwamba baruti kidogo inahitaji uangalifu kuliko baruti nyingi. Nilidhani kinyume chake. Lakini ganda linalojazwa hadi karibu na mdomo, ukikosea ukaweka vijiko viwili, litamwagika na utaona aibu yako palepale. Ganda la risasi laini lina nafasi kubwa tupu. Vijiko viwili vinaingia, vinakaa kimya, na kutoka nje risasi ile inafanana na wenzake kama mapacha. Na ukikosea upande mwingine, usiweke baruti kabisa, fataki peke yake itakisukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu na kukiacha humo kimekwama. Mpigaji anasikia mlio mdogo, anadhani risasi imemsaliti, anavuta tena, na ile inayofuata inakuta njia imezibwa. Hapo ndipo bastola inapopasuka mkononi. Fundi alinionyesha mtutu mmoja uliochanika kama ganda la karanga, aliouokota zamani sana. Sikumuuliza mkono ulioushika ulikuwaje.

Kwa hiyo kinga ya yote ilikuwa tochi. Kabla ya kubana vichwa, unainama juu ya kibao, unamulika ndani ya kila ganda, na unalinganisha baruti zilivyokaa. Lazima zote ziwe kimo kimoja, hakuna lililo tupu, hakuna lililozidi. Fundi alinikabidhi tochi tangu siku ya kwanza. Nami niliponyamaza nikiangalia, yeye aliuliza, "Unaona nini, mayu?" Mwanzoni nilimjibu kishairi, kwamba baruti inang'aa kama mchanga wa mtoni. Hakutaka hayo. Alitaka nimwambie kama ziko sawa au haziko sawa, na kama haziko sawa, lipi na kwa kiasi gani. Aliniuliza hivyo kuhusu kila kitu: rangi ya shaba, mwanzo wa ufa kwenye mdomo wa ganda, matundu kwenye karatasi yangu ya shabaha. Nilimletea karatasi, naye badala ya kuitazama aliishika kwa kingo na kusema, nieleze zimeingia wapi. Katika maisha yangu hadi hapo watu wengi walikuwa wameniambia wanachoona wao. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kutaka kujua ninachoona mimi, na sikujua jinsi nilivyokuwa na njaa ya kuulizwa.

Mchana tulikula pamoja kwenye benchi la nje. Mkewe alileta ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, yaliyoungwa kwa karanga, na siku za uhaba alileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya rangi. Wakulima waliokuja kuulizia bei walikaa benchi hilohilo, na mimi nilisikiliza maongezi yao kwa masikio yote mawili. Kulikuwa na wazee wawili ambao hawakuacha kubishana. Mmoja aliapa kwamba hawa matajiri wapya watanunua mwaka mmoja kwa bei tamu, ushirika ukishakufa watatugeuka. Mwenzake alisema hata kama ni hivyo, yeye angependa kuonja utamu huo mwaka mmoja kabla ya kufa. Kisha wote walimgeukia fundi wamuulize anaonaje. Fundi alitafuna pole pole, akasema yeye haoni mbali. Walicheka, nami nikacheka. Siku hizi, nikiwa na umri aliokuwa nao yeye wakati ule na miwani yangu imening'inia shingoni kwa kamba, kicheko kile kinanirudia na sikipendi.

Mvua za masika zilipokwisha nilikuwa napiga risasi laini na macho yangu yote yakiwa wazi. Sikujua siku gani hasa yaliacha kufumba. Nilitambua tu kwamba nimeliona tundu likitokea kwenye karatasi, nikashtuka kwa furaha, kwa kuwa hadi siku ile nilikuwa nikiyakuta matundu baada ya kufungua macho. Ndaki aliacha mawaidha. Akaanza kuja kibandani kwa visingizio, akisema ametumwa mafuta, kumbe anataka kujua tunafanya nini. Siku moja aliniomba nimpe risasi zangu azijaribu, akazipiga, akasema kumbe hata yeye alikuwa akifinya jicho bila kujua. Kuanzia hapo tukawa tunazitumia sote, na Tajiri, ambaye risasi za dukani zilimsumbua kupatikana, alizungumza na polisi akakubaliwa mtihani ufanywe kwa risasi zetu za mazoezi. Nilimwona Fundi Masunga akitabasamu aliposikia hivyo. Alitaka nifaulu kama mzazi anavyotaka, ingawa hakuwahi kusema.

Siku moja kabla ya mtihani mashine za kiwanda ziliwashwa kwa mara ya kwanza. Pamba ya mapema ilikuwa imeanza kuingia, malori yalipanga foleni hadi barabarani, na mimi niliitwa kwenye mizani tangu alfajiri hadi jua kuzama. Wasiowahi kuishi karibu na kiwanda cha pamba hawajui hali ile. Nyuzi ndogo ndogo zinaelea hewani, zinakaa kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye mashavu ya watoto. Uwanja mzima ulikuwa mweupe. Nilipita kibandani jioni kumwomba fundi radhi kwa kutokuja, nikamkuta amemaliza peke yake. Kibao kizima cha risasi za mtihani kilikuwa tayari, vichwa vimebanwa, vimepanguswa. Nilimuuliza kama amemulika. Akasema amemulika. Mabegani kwake pamba ilikuwa imetanda kama mtu aliyelala ghalani, nikampangusa kwa kiganja tukicheka.

Asubuhi afande alikuja na baiskeli, mtu mnene mwenye haraka. Waombaji wawili wa vituo vingine walipiga kwanza kwa risasi walizobakiwa nazo za dukani, wakafaulu, wakaenda kunywa chai. Kisha tukaitwa mimi na Ndaki, tusimame sambamba, kila mmoja na rivolva yake na karatasi yake mbele ya kichuguu. Tulijaza kutoka kibao kimoja, yeye akichukua na mimi nikichukua, kama watu wanaokula sahani moja. Risasi zangu za mwanzo ziliingia vizuri, na nilikuwa nimeanza kuhisi Mwandoya, harufu ya chumba kile na dirisha lake. Nikavuta tena. Mlio uliotoka ulikuwa mdogo, mkavu, kama mtu aliyekohoa ndani ya kanga. Mkono haukusukumwa. Kwenye karatasi hapakuongezeka tundu.

Nilifanya kama nilivyofundishwa: mtutu ukabaki unatazama kichuguu, kidole kikatoka kwenye kifyatulio, mkono wa kushoto ukapanda juu. Afande akaniambia niendelee, muda unakwenda. Nikamwambia kuna kichwa kimekwama. Akasema kwa sauti kubwa kwamba anayesimama bila amri amejifelisha mwenyewe. Nilikuwa tayari kukubali hilo, lilikuwa langu. Lakini udadisi wangu, uleule ulionigombanisha na walimu, haukuishia hapo. Nikajiuliza: kama ganda hili halikuingia baruti, baruti yake iko wapi? Fundi hakuwahi kuruka ganda, mkono wake ulihesabu wenyewe. Kijiko kilimiminwa. Kilimiminwa kwenye faneli, na kama hakikushuka, basi kilisubiri humo hadi kijiko kilichofuata kikakisukuma, vyote viwili vikaingia ganda moja. Nikageuka. Ndaki alikuwa amenyoosha mkono, jicho limetulia, anavuta pumzi kama tulivyofundishana.

"Leka, Ndaki," nikapiga kelele. "Leka!"

Ni Kisukuma, maana yake acha. Baadaye aliniambia kwamba ningemwita kwa Kiswahili angedhani ni maneno ya afande, angemaliza kwanza kupiga. Kwa Kisukuma alisikia kama mama yake anamzuia asikanyage nyoka. Akashusha mtutu. Afande alifoka kuhusu nidhamu, Tajiri akaja mbio kutoka ofisini, na Fundi Masunga alikuja taratibu akiwa ametanguliza mkono mmoja mbele kidogo, akasimama karibu yangu. Hakuuliza nini kimetokea. Aliuliza nimeona nini. Nikamwambia kila kitu kwa mpangilio, mlio, mkono, karatasi, na nilichofikiri kuhusu faneli. Tukatoa risasi zote kwenye rivolva, nikaingiza ufito wa kusafishia kwa mbele ya mtutu wangu, na ufito ukagota katikati.

Tuliingia kibandani wote, Tajiri na afande wakiwa wamebanana mlangoni. Risasi zilizobaki zikafunguliwa moja baada ya nyingine. Fundi alivuta vichwa, mimi nikamwaga baruti kwenye karatasi nyeupe, kila moja na fungu lake. Mafungu yalifanana, yakafanana, Ndaki akaanza kupumua. Kisha nikamwaga moja iliyotoka kwenye gudulia la rivolva yake, na baruti ikaendelea kushuka wakati ilipaswa kuwa imekwisha. Hakuna aliyehitaji mizani. Ndaki alikaa chini sakafuni, akaiweka mikono yake miwili magotini akaitazama. Nilichukua faneli nikaiinua kwenye mwanga: shingoni mwake kulikuwa na kishungi cha pamba, chembe chache za baruti zimenasa humo. Kilikuwa kimepeperuka kutoka kwenye mashine zetu wenyewe, kupitia mlango uliokuwa wazi.

Afande, ambaye sasa alikuwa ameshusha sauti, aliuliza kama hakuna namna ya kuligundua jambo hilo mapema. Tajiri akasema ipo, kuna tochi, na akauliza nani alimulika jana. Mimi nilikuwa kwenye mizani, kila mtu alijua. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ni pamba, ni malori, ni sisi tuliowasha mashine bila kumwambia, na yote yangekuwa kweli. Fundi Masunga aliwahi.

"Nilimulika mimi," alisema. "Nikainama nikaangalia, kama siku zote. Tajiri, mimi sijaona kitu ndani ya ganda tangu vuli."

Nilikumbuka nilivyoulizwa. Unaona nini, mayu. Nieleze zimeingia wapi. Meza mlangoni. Nusu mwaka nilijiona mwanafunzi anayependelewa, kumbe nilikuwa macho ya mtu. Nilimkasirikia kiasi cha kushindwa kumtazama. Alikuwa ametuweka mimi na Ndaki mbele ya kichuguu kile na kutuambia amemulika. Na hasira ikiwa bado ya moto nilijua pia kwamba hakuna mwalimu mwingine aliyenifundisha kuona, na kwamba kama asingekuwa anahitaji macho yangu nisingejua kuyatumia, na mimi na Ndaki tungeendelea kupiga. Sijawahi kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Nimejaribu kwa miaka mingi, kanisani na nje ya kanisa, nimeacha. Wakati ule nililia tu mbele ya watu wote, na yeye alinisikia akanyoosha mkono upande usio sahihi.

Afande aliamua kwamba mimi na Ndaki tutarudia mtihani msimu ukiisha, kwa risasi za dukani. Kwa hiyo Mwandoya alipelekwa mmoja wa wale wawili waliokuwa wakinywa chai, na chumba kile chenye dirisha alilala yeye. Ndaki alirudi kwenye mizani. Kuhusu kibanda, afande alisema mzee asiguse tena baruti, na Tajiri alisema kazi ya kibanda haiwezi kusimama. Kibali kitaombewa jina jipya, hadi hapo fundi atakaa karibu ajibu atakayoulizwa, na mikono na macho yatakuwa yangu. Alinipa habari hiyo kama zawadi. Jioni ile nilimwambia Ndaki kwamba nimepata kazi ambayo watu wangeiombea, na sitaki. Ndaki alisema nikiikataa ataletwa mtu asiyejua hata kwa nini tochi iko pale. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa ushauri unaofaa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Fundi Masunga ameketi kwenye benchi la wakulima, nje ya kibanda chake, kofia magotini. Nikampigia goti kidogo nikamwamkia, mwangaluka, baba, akaitikia, akauliza kama ni mhola, kama kuna amani, nikasema mhola. Mashine zilikuwa zinanguruma na pamba inaelea hewani hadi miguuni pake. Nikaingia peke yangu, nikafuta meza, nikasafisha faneli, nikaweka kopo moja la baruti, nikatafuta kijiko. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi, kama ulivyokuwa ukiachwa siku zote.

"Mayu," aliniita kutoka nje. "Funga mlango. Pamba inaingia."

Nikaenda mlangoni, nikamuuliza kama hatapenda kuingia kwanza. Akasema hapana, wewe funga. Nikafunga.